Miguu ikiruka, angalieni mpira wa mkojo kwanza

Wiki hii tena, ndugu wa mtu aliyeumia uti wa mgongo ananiambia: "Daktari, tumemsimamisha mazoezi, miguu inaruka, uti wa mgongo unaharibika zaidi." Mimi ni fizio, mtu wa mazoezi ya viungo, lakini sawa. Jamani hapana! Spasimu, yaani misuli kujikaza na kuruka yenyewe, kupanda baada ya mazoezi si dalili kwamba jeraha linachimbika upya. Chini ya leveli, yaani pale uti ulipoumia, mwili umekosa njia ya kusema unaumwa, basi miguu inakakamaa na kutetema, na ukitafuta vizuri utakuta mpira wa mkojo umejipinda chini ya paja, au choo kimefunga, au infekshoni ya mkojo, kidonda kinaanza makalioni, hata ukucha ulioingia nyamani. Kuna kijana miguu ilimruka jioni nzima, lawama zote kwangu, kumvua kiatu kumbe ndani mna kifuniko cha soda.

Halafu joto. Aliyeumia sehemu ya juu ya uti hatoi jasho sawasawa chini ya jeraha, nanyi Februari, kaskazi yote hiyo, saa nane mchana mnamtoa akasukume kiti juani, akilegea mnasema mazoezi mabaya. Mtoeni alfajiri au jua likishazama, feni iwepo, na taulo la maji shingoni. Wenye MS, ule ugonjwa wa kinga ya mwili kushambulia ubongo na uti wa mgongo, wanalijua hili zaidi, Uhthoff, daktari wa macho Mjerumani, aliandika tangu 1890 kwamba wakijichosha macho yanafifia, wakipumzika yanarudi, baadaye ndio ikajulikana ni joto la mwili.

La kukimbilia ni hili: aliyeumia T6 (pingili ya sita ya mgongo usawa wa kifua) kwenda juu, kichwa kinampasuka ghafla, jasho usoni, presha juu. Msimlaze! Mkalisheni wima, legezeni mikanda na nguo, nyoosheni mpira, isiposhuka upesi hospitali. Na nguvu au hisia iliyokuwepo jana ikipotea leo, hospitali siku hiyo hiyo.

Kiasi? Mwongozo wa kimataifa wa 2018 kwa walioumia uti wa mgongo unaanzia dakika 20 za mazoezi ya kuhema mara 2 kwa wiki, pamoja na mazoezi ya nguvu mara 2. Si mengi.

Kinachonisumbua mimi ni yale maumivu ya kuungua ya siku ya pili baada ya mazoezi. Vitabu vinasema panda polepole, na kuna watu nimewapandisha polepole mpaka nikaona haya, bado usiku miguu inawawaka moto, na mwengine anainua vyuma kama kuli wa bandarini halafu analala fofofo. Hao wa kwanza nawapunguzia nusu, siwaachishi, nawaambia waandike daftarini mkojo, choo, usingizi na joto la siku hiyo. Daftari lenyewe mara linatoa jibu, mara halitoi kitu, tunaendelea na hiyo nusu.