Kupima Uzazi Nyumbani: Kijikaratasi Hujibu Swali Moja Tu

Vipimo vya ovulesheni vinauzwa kwenye maduka mengi ya dawa hapa Uganda, na wanandoa wengi huvinunua wakitarajia kujua kama "uzazi upo". Kipimo hicho hakijui hayo. Kinajua jambo moja: kama yai linakaribia kutoka.

Kijikaratasi hupima homoni ya LH kwenye mkojo. Homoni hii ikipanda ghafla, yai kwa kawaida hutoka baada ya saa 24 hadi 36. Likishatoka huishi saa 12 hadi 24, ilhali mbegu za kiume huweza kukaa hai mwilini mwa mwanamke hadi siku 5. Kwa hiyo siku za kushika mimba ni kama 6 kila mwezi, nyingi zikitangulia yai lenyewe.

Siku ya kuanza kupima inategemea mzunguko wako, si wa dada yako. Hesabu tangu siku ya kwanza ya damu hadi mkesha wa hedhi inayofuata, kisha toa 17. Mwenye mzunguko wa siku 28 aanze siku ya 11. Wa siku 32, siku ya 15. Mizunguko ikitofautiana, tumia ule mfupi zaidi.

Pima kila siku saa ileile, kati ya saa nne asubuhi na saa mbili usiku. Mkojo wa alfajiri haupendekezwi sana, kwa sababu LH mara nyingi hupanda asubuhi na huchukua saa kadhaa kuonekana kwenye mkojo. Kwa muda wa saa mbili kabla ya kupima, punguza maji na chai, maana mkojo mwepesi huficha homoni. Chovya bila kupita mstari wa kikomo, kwa sekunde zilizoandikwa kwenye karatasi ya maelezo, kilaze pakavu, usome baada ya dakika 5. Kilichotokea baada ya dakika 10 usikihesabu.

Hapa ndipo wengi hukosea. Kwenye kipimo cha mimba, mstari hafifu una maana. Kwenye hiki hauna, kwa kuwa LH kidogo iko mwilini siku zote. Mstari wa kipimo lazima ukolee sawa na ule wa uhakiki (unaoonyesha kwamba kijikaratasi kinafanya kazi) au kuuzidi. Ukiona hivyo, kutaneni siku hiyo na mbili zinazofuata. Afadhali zaidi msingoje mstari: ute ukeni ukianza kuvutika na kuteleza kama ute wa yai bichi la kuku, anzeni.

Vipimo vingi havistahimili joto linalozidi nyuzi 30, kwa hiyo visikae chini ya bati wala dirishani, na pakiti ifunguliwe dakika ya kutumia. Mwenye vifuko vingi kwenye ovari anaweza kuona mistari iliyokolea siku nyingi bila yai kutoka. Aliyeacha sindano ya uzazi wa mpango ya miezi mitatu asikate tamaa mapema. Yai huweza kukawia miezi kadhaa kurudi.

Sasa mume. Si haki mke apime mwaka mzima na mume hajapimwa hata mara moja. Vifaa vingi vya nyumbani huhesabu mbegu tu, havionyeshi zinavyoogelea wala umbo lake. Maabara huangalia yote. Kiwango cha chini cha Shirika la Afya Duniani tangu 2021 ni mbegu milioni 16 kwa mililita. Kabla ya kupimwa maabara, akae siku 2 hadi 7 bila kumwaga manii, asitumie sabuni, mate wala kondomu ya kawaida, atoe manii yote chomboni (tone la kwanza likipotea aseme, kwani ndilo lenye mbegu nyingi), na yafike ndani ya saa moja yakiwa na joto la mwili. Homa kali, kama ya malaria, huweza kushusha idadi kwa miezi mitatu, hivyo matokeo mabaya yarudiwe.

Mirija ya uzazi haipimwi nyumbani kabisa. Kisonono na klamidia huiziba kimyakimya, na mwanamke huendelea kupata mistari mizuri kila mwezi. Eksirei yenye dawa ya rangi ndiyo huonyesha.

Nendeni kituo cha afya wote wawili baada ya miezi 12 ya kujaribu. Miezi 6 kama mke ana miaka 35 au zaidi. Msingoje kabisa ikiwa hedhi haina mpangilio, kuna maumivu ya tumbo la chini, au aliwahi kupata mimba nje ya kizazi. Bebeni daftari lenye tarehe za hedhi na siku mstari ulipokolea.