Kolesteroli kwa Mtoto wa Shule: Maana Yake na Namna ya Kusoma Majibu

Kolesteroli, au lehemu, ni mafuta yanayofanana na nta. Sehemu kubwa hutengenezwa na ini, na mtoto anaihitaji kujenga seli na homoni. Hakuna mtoto asiye nayo. Swali ni kiasi chake na kinachoibeba kwenye damu: LDL huisambaza mwilini, na ikizidi hujipenyeza kwenye kuta za mishipa, HDL huirudisha kwenye ini.

Majibu ya mtoto yasisomwe kwa viwango vya wakubwa. Kwake jumla iwe chini ya 170 mg/dL (4.4 mmol/L), na kuanzia 200 (5.2) ni nyingi. LDL iwe chini ya 110 (2.8), ikifika 130 (3.4) ni nyingi. HDL izidi 45 (1.2). LDL ya 135 kwenye karatasi ya mtu mzima huonekana iko mpakani tu, kwa mtoto imeshavuka. Kipimo kirudiwe kabla ya kuamua lolote, na kisichukuliwe mtoto akiwa mgonjwa. Wakati wa kubalehe kolesteroli hushuka yenyewe kwa muda, ndiyo maana mwongozo wa Marekani hupendekeza kupima kati ya miaka 9 na 11, kisha 17 hadi 21.

Wembamba si kinga. Ipo kolesteroli ya kurithi: mzazi mmoja akiwa nayo, kila mtoto ana nafasi ya nusu kwa nusu ya kuipata. Ulizeni kwenye ukoo: kuna baba, babu au mjomba aliyepata shambulio la moyo kabla ya miaka 55, au mama, bibi au shangazi kabla ya 65? Kama yupo, mtoto apimwe hata akiwa mdogo. Aliyeirithi, chakula pekee mara nyingi hakimtoshi. Daktari anaweza kumwanzishia statini, dawa za kushusha kolesteroli, akiwa na miaka 8 hadi 10.

Kwa wengine, jiko lina kazi kubwa. Maandishi ya "haina kolesteroli" kwenye kopo la mafuta ya mimea ni kweli, lakini hayana maana: mimea haina kolesteroli ya kuhesabika. Kinachopandisha LDL ni mafuta yanayoganda, kwa sababu hupunguza uwezo wa ini kuiondoa kwenye damu. Kimbilieni kupunguza samli, mafuta ya mawese, tui zito, chipsi na maandazi ya kila siku kabla ya kumnyima yai. Soda na juisi tamu hupandisha trigliseridi, aina nyingine ya mafuta ya damu. Maharage, mboga na tunda zima vinasaidia, pamoja na dakika 60 za kucheza kila siku. Aliye chini ya miaka 2 asipunguziwe mafuta bila ushauri wa daktari.

Kolesteroli nyingi kwa kawaida haimletei mtoto dalili yoyote. Anayehema akipanda ngazi au kuvimba miguu apelekwe hospitali kuchunguzwa moyo wenyewe, hasa kama aliwahi kuugua koo kisha viungo vikamuuma, kwani huenda ugonjwa huo uligusa moyo.