Hogo Limetoka, Picha ni Safi, Mbona Mguu Bado Unageuka?

Mtu kavunjika mfupa wa ukingo wa nje wa wayo, ule unaoelekea kidole kidogo. Kafungwa plasta, lile hogo, wiki sita. Picha inaonyesha mfupa umeunga. Miezi mitatu baadaye anashuka kwenye daladala, kifundo kinamgeuka. Hapo ushauri wa mtaani unaanza, na mwingi unazidi kumuumiza.

"Mfupa umeunga, basi umepona."
Eksirei inaonyesha mfupa, kano haionyeshi. Mara nyingi mfupa huo huvunjika mguu ukijipinda kwa ndani, na kano za upande wa nje wa kifundo huvutika hapohapo. Tena kwenye shina la mfupa huo umejishikiza msuli unaoshuka kutoka ubavuni mwa muundi, ambao kazi yake ni kuuzuia wayo usijipinde. Hogo huukondesha. Hata mishipa ya fahamu inayomwambia mtu kwamba kakanyaga jiwe huchelewa kupeleka habari. Kama umesharuhusiwa kuukanyagia, simama karibu na ukuta kwa mguu mzima, kisha kwa ule ulioumia. Tazama vidole vinavyong'ang'ania sakafu na kifundo kinavyotetemeka. Hicho ndicho kinachohitaji tiba.

"Ukilegea, upumzishe."
Daktari akisharuhusu uukanyagie, kuupumzisha ni kuudhoofisha zaidi.

"Kachuliwe, kano zikaze."
Kuchua hupunguza maumivu na ukakamavu. Kano hakukazi, na kuvutwa kwa nguvu kunaweza kuitonesha.

"Fiziotherapia ni mashine na maji ya moto."
Tiba yenyewe ni mazoezi. Kusimama kwa mguu mmoja sekunde 30. Ukizoea, unafumba macho. Baadaye unasimama juu ya mto uliokunjwa. Kufunga tyubu ya baiskeli kwenye mguu wa kitanda, kuizungusha kwenye wayo na kuivuta kwa nje, polepole. Kunyanyua visigino. Mtaalamu ndiye anayepanga uanze na lipi, lakini zoezi unalifanya wewe, nyumbani, kwa wiki 6 hadi 12. Inaniuma kuona wengi wanaacha wiki ya pili, maumivu yakishapungua, wakati msuli haujapata nguvu.

"Bila upasuaji hakuna kitu."
Upasuaji hufikiriwa mazoezi yakishafanywa kwa miezi na kifundo bado kinageuka. Ila mfupa ukiuma ukibonyezwa, mguu ukivimba kila jioni au kifundo kikikwama, simamisha mazoezi ukapigwe picha tena.