Mbolea ya Kuchachusha kwenye Nyanya: Yanayosemwa na Yaliyo Kweli

Miongoni mwa wakulima wa nyanya wa Ilula, mkoani Iringa, na wenzao wa nyanda za juu kusini, ipo dhana iliyoota mizizi kwamba mbolea ya asili iliyochachushwa ikinuka vikali ndiyo yenye nguvu. Ukweli ni kinyume chake. Harufu inayochoma pua ni ya amonia, yaani naitrojeni inayopotea hewani badala ya kubaki kuulisha mnyanya. Uvundo wa mayai viza nao huonyesha kwamba lundo limejaa maji na kukosa hewa. Samadi, pumba na majani mabichi vikichanganywa vizuri, vikapata unyevu wa kiasi na kugeuzwa mara kwa mara, hupata joto la nyuzi 55 au zaidi, kisha hupoa na kutoa harufu ya udongo wa msituni. Kupima ni rahisi: chomeka fimbo katikati ya lundo, iache kwa dakika chache, uichomoe na kuishika. Ikiwa bado ni ya moto, mbolea haijaiva, na ikiwekwa shinani itaunguza mizizi ya miche. Katika baridi ya Makete na Njombe, hasa Juni na Julai, lundo hukawia kuliko kwenye joto la Usangu, kwa hiyo fimbo iaminiwe kuliko kalenda.

Dhana yenye madhara makubwa zaidi, kwa maoni yangu, ni kwamba mbolea hii hutibu mnyauko. Bakteria wa mnyauko hukaa udongoni na kuingilia mizizini. Mbolea iliyoiva huimarisha udongo, lakini haiponyi mmea uliokwisha kuambukizwa. Anayetilia shaka na akate shina la mnyanya ulionyauka ghafla ukiwa bado kijani, aliweke katika glasi ya maji safi: baada ya muda mfupi ataona nyuzi za ute mweupe zikishuka. Mche huo ung'olewe na kuteketezwa. Inasikitisha kuona nyanya zikipandwa palipotoka viazi mviringo, ilhali bakteria ni yule yule. Hapo yafaa yapandwe mahindi.

Wapo pia wanaoamini kuwa mbolea ya asili haizidi kipimo. Samadi ya kuku ikizidi, mnyanya hustawi majani na kuchelewa kuzaa. Vilevile tunda likioza kitako, wengi huongeza mbolea, ingawa kinachokosekana ni kalsiamu ndani ya tunda, mara nyingi kwa sababu ya umwagiliaji usio na mpangilio.