Je, Wajua Pikipiki Katika Picha ya Zamani Hutambuliwaje?

Katika nyumba nyingi za Moshi na vijiji vya mlimani kuna kasha la bati ambamo, chini ya vyeti vya ubatizo na stakabadhi za kahawa, huhifadhiwa picha iliyogeuka rangi ya chai, ikimwonyesha babu amesimama kando ya pikipiki. Nyuma ya picha hakuna mwaka, na jina lililokuwa kwenye tangi limefutika. Bibi mmoja, jirani yangu hapa Majengo, alinionyesha picha ya namna hiyo akaniambia, "Mjukuu wangu, pikipiki hii baba aliipata wakati wa Mjerumani." Je, chombo chenyewe kinaweza kuithibitisha kauli hiyo?

Kinaweza, kwa sababu muundo wa pikipiki ulibadilika upesi sana kati ya 1900 na 1930, na mengi ya mabadiliko hayo yalionekana kwa nje. Jambo ninaloliona kuwa muhimu kuliko yote ni kutafuta sehemu iliyo changa zaidi, si iliyo kuukuu zaidi. Kiti cha zamani chaweza kubaki kwenye pikipiki kwa miaka ishirini, lakini picha haiwezi kuwa ilipigwa kabla ya kubuniwa kwa kifaa kipya zaidi kinachoonekana ndani yake.

Kabla ya yote, ni lazima kuhakikisha kwamba picha haikuchapwa kinyume. Negativu za zamani, hasa zile za kioo, zikiwekwa upande usio wake wakati wa kuchapa, kulia huwa kushoto, na mtu anayetafuta upande wa mnyororo, wa kiki au wa bomba la moshi atapotoka tangu mwanzo. Watu wa Moshi wana kipimo chao ambacho wengine hawana, nao ni mlima. Anayeutazama Kilimanjaro kutoka mjini hukiona Kibo upande wa kushoto na Mawenzi upande wa kulia. Ikiwa katika picha iliyopigwa mjini Mawenzi imehamia kushoto, basi picha imegeuzwa. Pasipo mlima, vifungo vya shati la mwanamume hufaa, kwa kuwa kwa kawaida hushonwa upande wake wa kulia.

Sasa tangi. Pikipiki za mwanzo zilikuwa ndugu wa karibu wa baiskeli, na tangi lake lilikuwa sanduku jembamba lililobanwa chini ya bomba la juu la fremu, hivi kwamba bomba hilo huonekana wazi likipita juu yake. Mwishoni mwa miaka ya 1920, hasa kuanzia 1928 na 1929, viwanda vingi vya Uingereza vilihamia kwenye tangi la mviringo linalolipanda bomba na kulifunika, kama tandiko juu ya mgongo wa punda. Badiliko hili huonekana hata katika picha iliyofifia, kwa sababu hubadilisha umbo zima la pikipiki, na ndiyo maana huwa naanzia hapo.

Baada ya tangi hufuata namna nguvu za injini zinavyofikishwa kwenye gurudumu la nyuma. Ukiona rimu ya pili, kubwa na yenye mfereji, imefungwa kwenye spoku za gurudumu hilo, hiyo ni njia ya mkanda wa ngozi au wa mpira, uliotumika sana kabla ya mnyororo kushika nafasi yake. Triumph Model H ya mwaka 1915 ilisimama katikati ya nyakati hizo mbili: mnyororo kutoka kwenye injini hadi giaboksi, kisha mkanda kutoka giaboksi hadi gurudumu. Takriban pikipiki 30,000 za aina hiyo zilitengenezwa kwa ajili ya majeshi katika Vita Kuu ya Kwanza. Foki yake ya mbele nayo huitambulisha, kwa kuwa springi yake imelala badala ya kusimama.

Injini ndiyo hutaja kiwanda pale jina linapokosekana. Douglas, iliyotumiwa sana na matarishi wa jeshi la Uingereza katika vita hivyo, ina silinda mbili zilizolala, moja ikielekea mbele na nyingine nyuma. BMW R32 ya mwaka 1923 nayo ina silinda mbili zilizolala, ila zimetokeza kulia na kushoto, na badala ya mnyororo ina mtaimbo unaozungusha gurudumu la nyuma. Scott hujulikana kwa rejeta ya maji, kitu ambacho pikipiki nyingi za wakati huo hazikuwa nacho. Silinda mbili zilizosimama kama herufi V huwavuta wengi kutaja Harley-Davidson au Indian papo hapo, lakini hata Waingereza walizitengeneza kwa wingi, hivyo umbo hilo peke yake halitoshi.

Rangi isiaminiwe. Filamu za zamani hazikuihisi rangi nyekundu, kwa hiyo tangi jekundu lilitoka jeusi, na buluu ikatoka nyeupe.

Vipimo husaidia iwapo pikipiki imepigwa ubavuni. Pikipiki nyingi za Uingereza za enzi hiyo zilikuwa na magurudumu ya inchi 26, yaani kama sentimita 66. Ikiwa gurudumu katika picha lina milimita 22, kila milimita ni sentimita tatu, na umbali kati ya ekseli mbili waweza kukadiriwa na kulinganishwa na katalogi za viwanda.

Picha ya bibi ina tangi bapa chini ya bomba, taa ya gesi ya kabaidi, na Kibo iko kushoto inapostahili. Hadi hapo, wakati wa Mjerumani haukuwa jambo lisilowezekana. Lakini katikati ya gurudumu la mbele kuna breki ya ngoma, ambayo ilienea kwenye magurudumu ya mbele katikati ya miaka ya 1920, ilhali Waingereza waliingia Moshi mwezi Machi 1916. Nilimweleza polepole, kwa maana si jambo jepesi kumwambia mzee kwamba simulizi ya baba yake haikubaliani na picha. Aliishika lenzi, akaitazama ngoma ile kwa muda mrefu, kisha akaniomba penseli laini, kwani wino hupenya karatasi, akaandika nyuma ya picha: "Pikipiki ya baba, wakati wa Mwingereza."