Je, wajua? Katika gemu ya Elite Dangerous, chombo chenye tangi la miruko sita kinavukaje galaksi nzima

Katikati ya Julai, kusi likiwa limeifagia anga, simama ufukweni Mikindani mnamo saa nne na nusu usiku, mbali na taa. Inua uso karibu na utosi, ukielekea kusini kidogo. Ule mkanda mweupe unaokatiza mbingu ni Njia Nyeupe, galaksi yetu, na pale unapotanuka na kukolea ndipo kilipo kitovu chake, umbali wa takriban miaka nuru 26,000 (mwaka nuru mmoja ni umbali ambao mwanga husafiri kwa mwaka). Watu wa Mtwara na Lindi wamebahatika: mikoa yetu iko nyuzi kumi hivi kusini mwa ikweta, kwa hiyo kitovu hicho kinatupita juu ya vichwa, ilhali mtu aliyeko London hukiona kikijikokota karibu na upeo wa macho.

Katika gemu ya Elite Dangerous, iliyotolewa Desemba 2014 na kampuni ya Uingereza iitwayo Frontier Developments, galaksi hiyo yote imejengwa kwa ukubwa wake halisi, yenye mifumo ya nyota ipatayo bilioni 400. Zaidi ya 150,000 kati ya hiyo imechukuliwa kutoka orodha za wanajimu; iliyobaki kompyuta inaitunga kwa hesabu. Wachezaji huanzia jirani na Jua letu, wakafika kitovuni, wakakipita, wakaendelea mbele moja kwa moja mpaka mfumo wa Beagle Point ulioko ukingo wa pili, miaka nuru 65,279 kutoka hapa. Ajabu ni kwamba Beagle Point iko karibu sawasawa nyuma ya kitovu. Yule aliyesimama Mikindani akiangalia utosini anaangalia njia nzima bila kujua.

Hapo ndipo swali linapozaliwa. Chombo kinachopendwa na wapelelezi, Asp Explorer, kina tangi la tani 32. Injini yake ya kuruka kati ya nyota, ile ya zamani ya saizi 5 daraja A (A ndilo daraja la juu), hula mpaka tani 5 kwa mruko mmoja. Piga hesabu: miruko sita, na ya saba haitimii. Kila mruko ni miaka nuru 35 hivi. Basi tangi zima linakufikisha kwenye miaka nuru 210, na safari ni 65,000. Mtu anafikaje?

Mgeni wa gemu hii hujibu haraka: aongeze matangi. Hilo ndilo kosa la kwanza, na ndilo linalorudisha wengi nyumbani. Nahodha wa jahazi anajua kwamba bahari ikichafuka shehena ndiyo inayotoswa kwanza; chombo chepesi ndicho kinachopanda wimbi. Injini ya kuruka nayo inatii sheria hiyo. Umbali wa mruko unalingana kinyume na uzito wa chombo kizima, mafuta yakiwemo. Tuseme Asp yako ina uzito wa tani 350 na inaruka miaka nuru 35.2. Ongeza tani 10 tu za vitu usivyovihitaji, itaruka 34.2. Mwaka nuru mmoja ni kitu gani? Katika safari ya Beagle Point ni miruko zaidi ya 50 ya ziada, karibu saa nzima ya kukaa kwenye kiti. Tangi la pili likijaa ni uzito unaopunguza umbali wa mruko ili kukupa miruko michache tu.

Kwa hiyo kabla ya kuondoka, chombo kinavuliwa. Silaha zote zinatolewa. Vifaa vya ndani vinabadilishwa kuwa daraja D, kwa sababu katika gemu hii, kwa saizi ileile, D ndiyo nyepesi kuliko zote: mfumo wa hewa, vihisi, injini za kusukuma, ngao. Mtambo wa umeme unawekwa wa saizi ndogo inayotosha tu, lakini wa daraja A, maana A haitoi joto jingi, na joto tutalirudia. Injini ya kuruka peke yake ndiyo inayobaki ya daraja A bila mjadala. Ngao ndogo usiiache. Wako wanaoivua ili kuokoa tani chache, halafu wanagusa ardhi ya sayari yenye mvutano mkubwa kwa kishindo, na safari ya wiki tatu inaishia hapo.

Fundi Felicity Farseer, mhusika wa ndani ya gemu anayepatikana mfumo wa Deciat, huiongezea injini uwezo wa kubeba uzito kwa asilimia 55 katika ngazi ya mwisho. Kumfungua unahitaji kumpelekea tani moja ya meta-aloi, bidhaa adimu ya ndani ya gemu. Asp ile ya miaka nuru 35 inasogea mpaka 53 hivi. Ukiongeza kifaa cha saizi 5 cha Guardian, viumbe wa kale wa ndani ya gemu, unapata nyongeza ya miaka nuru 10.5 juu yake. Tangu 2024 zimeingia injini mpya zinazoruka mbali zaidi, ila hesabu ya uzito haikubadilika.

Uzito sasa tumeumaliza, lakini tangi bado ni lilelile. Mafuta yanatoka wapi?

Yanatoka kwenye nyota zenyewe. Chombo hubeba kichotea mafuta, kinachonyonya haidrojeni ya tabaka la nje la nyota wakati ukiipita kwa karibu. Tena kifaa hicho hakina uzito wowote katika hesabu za gemu. Kwa sababu hiyo usikionee ubahili: weka kikubwa kabisa kinachoingia. Kile cha saizi 6 daraja A kikifika kasi yake ya juu huchota kama kilo 878 kwa sekunde, yaani tani 5 za mruko mmoja zinarudi kwa sekunde sita. Kiweke cha bei rahisi, utakuwa umeegesha kwenye kila nyota dakika nzima, na mara 1,800 dakika hizo ni mateso.

Ila si kila nyota inachoteka, na hapa ndipo watu wanapokwama. Wanajimu hupanga nyota kwa herufi kufuatana na joto lake: O, B, A, F, G, K, M, kuanzia zenye moto mkali wa samawati hadi vibete vyekundu, yaani nyota ndogo zenye joto dogo. Saba hizo zinatoa mafuta. Jua letu ni G. Nje ya hizo hupati kitu: vibete kahawia vya L, T na Y, nyota changa za T Tauri, vibete vyeupe, nyota za nyutroni, mashimo meusi. Zikariri herufi saba kama unavyokariri vituo vya daladala. Kisha fungua ramani ya galaksi, nenda kwenye kichujio cha aina ya nyota, weka alama kwenye saba hizo tu, na washa kile kipengele kinachofanya njia ifuate kichujio. Bila hatua hiyo ya mwisho ramani itakuonyesha nyota nzuri lakini njia itakupitisha popote.

Ukijikuta kwenye ukanda wa vibete kahawia, tangi likiwa na tani 8, usiruke kwa umbali wote. Matumizi ya mafuta hayapandi sawa na umbali; yanapanda kwa kasi kubwa zaidi. Katika injini yetu ya mfano, mruko kamili wa 35 unakula tani 5, lakini mruko wa nusu yake unakula tani 0.9 tu. Miruko miwili ya nusu inakufikisha palepale kwa tani 1.8. Kwa tangi zima tofauti ni miaka nuru 210 dhidi ya zaidi ya 600. Haba na haba hujaza kibaba, na hapa haba na haba inakitunza. Kwenye ramani kuna uchaguzi wa njia ya haraka na njia ya akiba. Badilisha kuwa ya akiba mpaka upate nyota ya kuchota, halafu rudi kwenye ya haraka.

Kuchota kwenyewe kuna adabu yake. Ukitokea kutoka kwenye mruko, nyota iko usoni pako. Punguza kasi mara moja, geuza pua mpaka nyota iwe ubavuni, kisha izunguke kwa mkunjo, ukisogea polepole hadi kipimo cha kuchota kipande. Jicho moja kwenye mafuta, jingine kwenye joto. Hadi asilimia 70 hakuna shida. Ikifika 100 vifaa vinaanza kuungua. Hapo elekeza pua nje na uondoke. Usijaribu kumalizia tangi. Ukiikaribia nyota kupita mpaka wake, chombo kinatupwa kwa nguvu nje ya mwendo kasi, ule wa kusafiria ndani ya mfumo wa nyota, kinaumia, na unabaki umekaa mbele ya moto.

Kuna njia ya kuruka mbali zaidi bila kuongeza tone la mafuta, nayo ni hatari kuliko zote. Nyota ya nyutroni ni mabaki ya nyota kubwa iliyolipuka: uzito unaozidi wa Jua, umebanwa kwenye tufe lenye kipenyo cha kilomita 20 hivi, ambayo ni kama kwenda na kurudi kati ya Mtwara mjini na Mikindani. Katika gemu, nyota hizi hutoa koni mbili ndefu za mvuke unaong'aa kutoka kwenye ncha zake. Ukiingiza chombo ndani ya koni, injini inachajiwa na mruko unaofuata unakuwa mara nne ya kawaida. Asp ya 53 inaruka zaidi ya 210, na mafuta ni yaleyale tani 5. Huo ni uchawi wa gemu. Nyota halisi ya namna hiyo ingekumaliza kwa mionzi kabla hujaiona vizuri.

Namna ya kufanya: ukitokea, kata kasi hadi sifuri na utazame koni zimeelekea wapi. Zunguka kwa nje. Iingie koni kutokea ubavuni, kwenye theluthi yake ya mwisho iliyo mbali na nyota, kwa kasi ndogo. Chombo kitayumba kama dau kwenye mkondo. Usishindane nacho, kilenge tu kufuata mvuke unakotoka kwenda nje. Ujumbe wa chaji ukionekana, toka na uruke. Kosa linaloua ni kuingia karibu na nyota, kwenye shingo ya koni, ukaangushwa kutoka mwendo kasi ukiwa ndani yake: hapo unarushwa huku na huku, vifaa vikiliwa, na injini inahitaji muda kupoa kabla ya kukutoa. Vibete vyeupe navyo vina koni, ila faida yake ni nusu tu juu ya kawaida na koni zimekaa karibu mno na nyota. Kwa maoni yetu havifai. Viache.

Kila chaji inaitoa injini asilimia 1 ya uzima wake. Ikishuka chini ya 80 inaweza kuanza kugoma, kwa hiyo wasafiri hubeba kifaa cha matengenezo, nacho hakina uzito. Beba viwili, kwa sababu kimoja hakiwezi kujitengeneza chenyewe. Na kumbuka nyota ya nyutroni haitoi mafuta: kabla miruko sita ya tangi haijaisha, lazima njia yako ikutane na moja ya zile herufi saba.

Kwa walioko kwetu kuna tahadhari ya ziada. Gemu hii hudai intaneti muda wote, hata ukicheza peke yako. Ikiwa umeme wa mtaani unacheza, fanya miruko ya kawaida, ya nyutroni iahirishe, au weka betri ya dharura kwenye kompyuta na kwenye ruta pia. Wengi wanakumbuka kompyuta wanaisahau ruta.

Ukikaribia ukingo wa galaksi nyota zinaadimika, na utafika mahali ambapo iliyo karibu iko mbali kidogo kuliko uwezo wako. Kwa hapo kuna chaji ya madini unayoyaokota kwa gari dogo juu ya sayari: ya kwanza huongeza mruko mmoja kwa asilimia 25, ya kati 50, ya juu 100. Ya kwanza inataka kaboni, vanadi na gerimani, ambayo hupatikana kirahisi. Ya juu inataka poloni, na poloni utaitafuta. Okota mapema, ukiwa bado kwenye nyota nyingi. Na kabla ya kuchaji kwa ajili ya kwenda, hesabu chaji ya kurudia.

Mafuta yakiisha kabisa, ukasikia saa ya hewa inahesabu, toka haraka kwenye mchezo urudi menyu kuu, hesabu inasimama. Kisha waombe msaada Fuel Rats, kundi la wachezaji wanaojitolea kupeleka mafuta kwa waliokwama, bila malipo, tangu 2015. Usijaribu mruko wa mwisho kwa kubahatisha. Wakikukuta bado una hewa wanaweza kukuokoa, chombo kikilipuka hawana la kufanya.

Na kikilipuka kinapotea kilicho cha thamani zaidi. Kila mfumo unaoingia, unashikilia kitufe cha skana kama sekunde tano, na taarifa za nyota na sayari zake zinaingia ghalani mwa chombo. Hazihesabiki kuwa zako hadi uziuze kituoni, kwenye ofisi ya Universal Cartographics. Ukifa njiani zinafutika zote, ziwe za siku moja au za miezi mitatu. Ukizifikisha, na kama hakuna aliyekutangulia, jina lako la rubani linaandikwa kwenye nyota ile, na kila atakayefika baada yako atalisoma.