Sensa ya zamani haitakutajia jina la babu. Jaribu jalada la mirathi

Wengi wanaofika kwetu, Kumbukumbu na Nyaraka za Taifa, kutafuta ukoo huulizia sensa ya mwaka 1948, wakidhani wataikuta nyumba ya babu na watu wake wameorodheshwa. Kilichopo ni idadi. Mji wa Dar es Salaam ulikuwa na watu 69,227 mwaka huo, na 128,742 mwaka 1957. Hesabu za Waafrika za 1921 na 1931 zilipitia kwa watawala wa kienyeji na nyingi ni makadirio tu. Kuanzia 1967, bibi alichomwambia karani wa sensa ni siri, na Sheria ya Takwimu inailinda.

Kama babu alikuwa baharia akalowea Cardiff au London, mambo ni tofauti. Sensa za England na Wales hufunguliwa zikiwa na majina baada ya miaka 100, na ya 1921 ilifunguliwa Januari 2022. Usitarajie ya 1931, kwani iliteketea kwa moto mwaka 1942.

Kwa aliyeishi na kufia hapa, mimi ningeanzia kwenye mirathi. Msimamizi wa mirathi hulazimika kuwataja warithi: wajane, watoto, pengine na ndugu wa marehemu, na mara nyingi muhtasari wa kikao cha ukoo huambatanishwa. Hakuna karani wa sensa aliyewahi kuuliza hayo yote. Waulize wazee marehemu alifia wapi na mirathi ilifunguliwa mahakama ipi ya mwanzo. Bila hivyo utapekua majalada hadi uchoke. Palipokuwa na ugomvi wa nyumba, furahi (samahani kwa wahusika), maana wagombanao huleta mashahidi, na mashahidi husimulia nani kazaliwa na nani.

Kwa Wakatoliki, daftari la ubatizo lina siri yake. Aliyebatizwa Bagamoyo, misheni iliyoanza 1868, akaja kuoa Dar es Salaam, ndoa yake hutakiwa kuandikwa pembeni ya jina lake kulekule alikobatizwa. Kwa hiyo mwombe katibu wa parokia akusomee ukurasa mzima, pamoja na maandishi ya pembeni na jina la msimamizi wa ubatizo, ambaye huenda akawa shangazi au mjomba.

Tatizo kubwa ni majina. Juma Rajabu wa kwenye hati ya kiwanja anaweza kuwa Juma Mzaramo wa kazini, na nyumbani akaitwa kwa jina la utani. Yaandike yote, ukianza na lake, la baba, kisha la babu. Umri uupime kwa tukio: kama wazee wanasema alizaliwa wakati wa Maji Maji, tafuta kati ya 1905 na 1907, ukiongeza miaka michache huku na huku. Ukija Kumbukumbu na Nyaraka za Taifa, Upanga, njoo na karatasi hiyo, jina la wilaya na kazi aliyofanya, kwa kuwa majalada ya serikali yamepangwa kwa ofisi na shughuli, si kwa ukoo.